Jina la Shule Halilindwi kwa Kimya

Wiki chache zilizopita aliingia ofisini mwetu sajini mmoja, mtu wa makamo, mwenye utumishi wa miaka mingi na rekodi safi. Alipiga saluti, akasimama wima, akasema: "Afande, nimekuja kuomba ruhusa ya siku saba. Nimekuja pia kuomba ushauri, kwa sababu nikienda nyumbani bila ushauri huenda nikafanya jambo ambalo halitarekebishika." Tulimwambia akae. Alikaa, akavua kofia, akaishika magotini, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Habari aliyotusimulia ni fupi. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ambayo hatutaitaja, aliitwa jioni moja na mwalimu wake apeleke madaftari ya darasa, na huko alikoitwa mwalimu huyo akamwingilia kwa nguvu. Usiku uleule binti alimwambia mlezi wa bweni. Asubuhi yake mlezi alimwambia mwalimu mkuu. Baba wakati huo alikuwa ng'ambo katika kikosi cha kulinda amani, kwa hiyo mwalimu mkuu alimwita mama wa mtoto, akamkaribisha chai, kisha akamweleza kwamba shule ina jina kubwa, kwamba matokeo ya mtihani yalikuwa mazuri, kwamba binti mwenyewe ndiye atakayeaibika habari ikienea, na kwamba lililo bora kwa wote ni kuyamaliza mambo humo humo ndani. Mama alipewa barua ya uhamisho, akarudishiwa ada ya muhula, na juu yake akapewa nauli. Mwalimu aliendelea kufundisha.

Miezi minne baadaye sajini alirudi, akamkuta mtoto wake katika shule nyingine, amekonda, na hasemi ila kwa kuulizwa. Alipomwuliza, binti naye alimwuliza swali ambalo baba hakuweza kulijibu, na ambalo hata sisi, tuliposimuliwa, hatukuweza kulijibu papo hapo: "Baba, kama mimi sikukosa, kwa nini mimi ndiye niliyehamishwa?"

Leo tunataka kulijibu swali hilo hadharani. Tunafanya hivyo kwa idhini ya binti mwenyewe, ambaye alimwambia baba yake kwamba habari iandikwe, lakini jina lake libaki lake.

Ungamo Letu

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba sisi tunaoandika maoni haya tumevaa sare, na kwamba kazi tuliyokabidhiwa jeshini ni ya uhusiano na umma. Kazi hiyo, ikisemwa kwa maneno machache, ni kulinda jina. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuanza na ungamo. Sajini alipomaliza kusema, wazo la kwanza lililotupitia halikuwa juu ya mtoto. Lilikuwa juu ya jeshi: je, askari akimshitaki mwalimu, watu watasema nini? Haitasemekana kwamba wanajeshi wanawatisha walimu? Wazo hilo halikudumu, lakini lilipita, na lilipopita tulimwelewa vizuri zaidi yule mwalimu mkuu. Si lazima awe mtu mwovu. Huenda ni mtu wa kawaida tu, aliyeizoea ofisi yake hata akadhani kwamba ofisi ndiyo shule, na kwamba cheti kilichotundikwa ukutani kina thamani kupita mtoto aliyelala bweni.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa somo moja ambalo wakati ule tuliliona dogo. Kamanda ambaye kikosi chake kimeshambuliwa hupeleka taarifa ya hasara makao makuu bila kuchelewa: waliouawa ni wangapi, waliojeruhiwa ni wangapi, silaha zilizopotea ni ngapi. Tuliambiwa kwamba anayepunguza hesabu ili aonekane hodari amemsaidia adui, maana makao makuu yatampa amri za kikosi kizima hali alichonacho ni nusu ya kikosi, na majeruhi wake hawatapelekewa daktari, kwa kuwa katika karatasi hawapo.

Mkuu wa shule anayeficha unajisi anafanya kosa lile lile. Katika taarifa zake kwa wilaya shule haina majeruhi. Kwa hiyo hakuna daktari anayeitwa, hakuna polisi anayefika, hakuna mzazi anayeonywa, na yule mwenye kosa anabaki katikati ya watoto akiwa na ushahidi mpya kwamba jambo hili linawezekana. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua. Katika shule za bweni kilio hicho si lazima kiwe cha yule aliyeficha, na mara nyingi hulia mtoto wa mtu mwingine.

Mfano wa Meru

Yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya mwaka 1991 yafaa yakumbukwe na kila mtu anayeshika funguo za bweni. Usiku wa tarehe 13 Julai mwaka ule, katika shule ya sekondari ya mchanganyiko ya St. Kizito, wilayani Meru, wavulana waliokuwa wamekusudia kugoma waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana walikimbilia bweni moja, wakajifungia humo. Milango ilivunjwa. Hata kulipokucha wasichana 19 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kukanyagwa na kukosa pumzi katika msongamano wa hofu ile, na wasichana 71 walikuwa wamebakwa.

Msiba huo uliitikisa Kenya na dunia kwa jumla. Lakini jambo lililowashangaza watu kupita hata idadi ya waliokufa ni maneno yaliyosemwa na wakubwa wa shule baada ya hapo. Rais Daniel arap Moi alipokwenda kuitazama shule, aliambiwa na mkuu wake kwamba siku za nyuma wavulana walikuwa na desturi ya kuwatisha wasichana ili watoke mabwenini, kisha wakawakamata na kuwavuta vichakani, na kwamba baada ya hayo mambo yalikuwa yakiisha, wanafunzi wakirudi kulala. Msaidizi wa mkuu huyo naye alinukuliwa na magazeti akieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, bali walitaka kuwabaka tu.

Tafadhali msomaji, yapime maneno hayo bila haraka. Waliosema hivyo hawakuwa wanatetea jinai kwa kujua. Walikuwa wakieleza utaratibu waliouzoea. Kwa miaka walikuwa wamelijua jambo, wakaliacha liitwe utoto, hata likageuka kuwa sehemu ya maisha ya shule kama kengele na uji wa asubuhi. Usiku wa tarehe 13 Julai haukuanza tarehe 13 Julai. Ulianza siku ile msichana wa kwanza alipovutwa kichakani, na kesho yake akapanga mstari pamoja na wenzake pasipo mtu mzima hata mmoja kuuliza. Lau si vifo vile 19, hata wale 71 wasingejulikana, kama walivyokuwa hawakujulikana waliowatangulia.

Kwetu sisi wa Uganda msiba huo una uzito wa pekee, maana shule ile iliitwa kwa jina la mtoto wa nchi yetu. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote katika mashahidi waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akiwa kijana wa miaka kama 14. Mapokeo ya Kanisa yanasimulia kwamba miongoni mwa sababu za hasira iliyowaangamiza vijana wale ni kukataa kwao miili yao itumiwe na mwenye mamlaka. Mapokeo hayohayo yanasimulia habari za Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, aliyefanya kila aliloweza kuwakinga wadogo waliokuwa chini ya ulinzi wake, naye akafa pamoja nao.

Kila mwaka maelfu kwa maelfu ya watu hutembea kwa miguu kwenda Namugongo kumwenzi mtoto aliyekataa na mkubwa aliyemkinga. Basi twauliza: katika shule zetu, nyingi zikiwa zimepewa majina ya mashahidi haohao, nani ndiye Lwanga wa bweni? Je, ni mlezi aliyeambiwa usiku, akaona kazi yake imekwisha kwa kupeleka neno ofisini? Je, ni mwalimu mkuu aliyeandika barua ya uhamisho?

Sheria Imekwisha Kusema

Isidhaniwe kwamba nchi zetu hazina sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 2006, baada ya hoja iliyopelekwa bungeni na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, na sheria hiyo inawataja kwa dhahiri wale wanaotumia vibaya madaraka yao juu ya wengine, walimu wakiwamo. Na huko huko Meru, miaka 22 baada ya msiba wa St. Kizito, Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 27 Mei 2013 katika shauri lililojulikana kama la wasichana 160. Mahakama ilisema kwamba polisi walipopuuza kuchunguza malalamiko ya watoto walionajisiwa walivunja haki za watoto hao, na ikaamuru uchunguzi ufanywe upesi na kwa ukamilifu. Mji uliojulikana kwa kilio ukajulikana kwa hukumu, kwa sababu wasichana walikataa kunyamaza na wakapata watu wazima wa kusimama nao.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikwenda mbele zaidi. Wanafunzi wawili wa wilaya ya Nakuru walikuwa wamenajisiwa na mwalimu wao mwaka 2010. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba anayewajibika si mwalimu peke yake, bali pia Tume ya Kuajiri Walimu pamoja na Serikali, kwa kuwa wao ndio waliomweka mtu huyo mbele ya watoto. Mmoja wa wasichana aliamriwa alipwe fidia ya shilingi milioni 2 za Kenya, na mwenzake shilingi milioni 3. Katika hukumu hiyo Jaji alieleza kwamba si haki kwa mwajiri kuwahamisha wakosaji wa namna hii kutoka shule hadi shule, na hatimaye kuridhika kwa kuwaachisha kazi.

Tungependa kila mkuu wa shule ayasome maneno hayo mara mbili. Mahakama ililaani kuhamishwa kwa mkosaji. Sisi tumekwenda mbali hata kumwacha mkosaji mahali pake na kumhamisha aliyekosewa.

Hapa kwetu, marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2007 yanasema kwamba kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa, na kosa hilo huzidi uzito pale mkosaji anapokuwa mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Kosa la uzito huo husikilizwa na Mahakama Kuu, na adhabu yake yaweza kufika kifo. Mwalimu ni mtu mwenye mamlaka. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo unaoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutoa taarifa, kufuatilia na kushughulikia ukatili dhidi ya watoto mashuleni. Nayo Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwalimu, mganga na mtumishi wa ustawi wa jamii atoe taarifa pindi anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto ametendewa ukatili. Sheria haikusema akipenda. Haikusema akishauriana kwanza na halmashauri ya shule.

Kwa hiyo yafaa ieleweke wazi: lile neno "tuyamalize humu ndani" halina mahali katika sheria ya nchi hii. Jinai si mali ya shule, wala si mali ya wazazi. Mshitaki ni Serikali kwa niaba ya wananchi wote, na hakuna mbuzi, ada, wala nauli iwezayo kuifuta. Mzazi anayepokea fedha ili anyamaze amemuuza mtoto wake mara ya pili, na mwalimu mkuu anayezitoa amekuwa dalali.

Hesabu Isiyoandikwa

Wako watakaosema kwamba tunalikuza jambo la nadra. Tunawaomba watazame hesabu zilizokusanywa na serikali zetu wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wametendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya mwaka 2010 wasichana walikuwa asilimia 32 na wavulana asilimia 18. Hapa Uganda, uchunguzi wa mwaka 2015, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ya wasichana na asilimia 17 ya wavulana waliyapata hayo wakiwa watoto.

Wavulana pia wamo, na wao hunyamaza kupita wasichana, kwa sababu wameaminishwa kwamba jambo la namna hiyo halimpati mwanamume. Basi katika darasa la watoto 60, mkuu wa shule asemaye kwamba hajapata kusikia habari kama hiyo asijisifu kwa shule yake kuwa safi. Ajiulize ni nini katika ofisi yake kinachowafanya watoto wasiingie.

Saa 72 Zilizoibwa

Kimya kina madhara mengine ambayo hayazungumzwi vya kutosha. Mtu aliyebakwa huweza kukingwa asiambukizwe virusi vya UKIMWI ikiwa ataanza kumeza dawa kabla saa 72 hazijapita, na kila saa inayopotea hupunguza kinga hiyo. Mimba nayo yaweza kuzuiwa kwa dawa ya dharura ndani ya saa 120. Ushahidi wa mwilini na wa nguoni hupotea kwa maji na sabuni. Kwa sababu hiyo mtoto asioshwe kabla ya kuonwa na mganga, nguo zake zihifadhiwe kwenye karatasi wala si kwenye mfuko wa plastiki, na apelekwe hospitali na kituo cha polisi siku ileile, ambako atajaziwa Fomu ya Polisi 3A.

Binti wa sajini alisema usiku uleule. Alifanya kila kitu ambacho watu wazima humfundisha mtoto akifanye. Saa zile 72 zilikuwa zake, na zilitumiwa kupika chai, kutafuta barua yenye mhuri, na kuhesabu nauli. Twasema kwa uchungu kwamba saa hizo ziliibwa, na walioziiba walikuwa watu waliolipwa kumlea. Kwa bahati njema alipopimwa baadaye alikutwa mzima. Lakini shule haiwezi kujivunia bahati ambayo haikuifanyia kazi.

Tulimshauri Nini

Sajini alitaka siku saba. Hatukuhitaji kuuliza alikuwa anafikiri nini, maana macho yake yalikuwa yamekwisha kusema. Tulimwambia maneno haya: "Sajini, ukienda kule na hasira, kesho kutwa utakuwa wewe kizimbani na yule mwalimu atakuwa marehemu anayeliliwa. Binti yako atakuwa amempoteza na baba. Silaha ibaki ghalani. Nenda na mama yake, nenda na mtoto kama yuko tayari, na mwende kwenye kitengo cha polisi kinachoshughulikia watoto na familia." Alinyamaza kidogo, akajibu, "Ndiyo, Afande." Akaenda, na alifanya kama tulivyosema.

Tunalisema hili kwa sababu wakubwa wa shule wanapaswa kujua kwamba kimya chao hakileti amani. Mzazi aliyefungiwa mlango wa sheria hutafuta mlango mwingine, na nchi yetu imekwisha kuona damu ya kutosha. Kila jalada linalofunguliwa polisi kwa haki ni bunduki moja iliyobaki ghalani.

Hadi tunapoandika, jalada la binti huyo limefunguliwa, na mambo yamo mikononi mwa wanaohusika. Hatutasema zaidi juu yake, kwa kuwa mwalimu aliyetajwa naye ana haki ya kusikilizwa na mahakama, na si kuhukumiwa na gazeti. Haki hiyo tunaitetea kwa moyo wote. Lakini haki ya kusikilizwa ni haki ya kufikishwa mahali pa kusikilizwa. Mtu aliyefichwa na mkuu wake hajasikilizwa, amekingwa tu, na kama hana hatia basi kimya hicho kimemnyima hata yeye nafasi ya kusafishwa.

Mambo ya Kufanywa

Tunatoa wito kwa Wizara ya Elimu, kwa maafisa wa elimu wa wilaya, na kwa halmashauri za shule zote, za serikali, za dini na za watu binafsi, wayazingatie mambo machache ambayo hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, mtoto anapotoa habari, apelekwe kwa mganga na polisi kabla ya kupelekwa ofisi nyingine yoyote. Pili, mtumishi aliyetajwa aondolewe karibu na watoto siku ileile hadi uchunguzi uishe, na asihamishiwe shule nyingine. Tatu, mtoto aliyekosewa abaki katika darasa lake, katika kitanda chake, pamoja na rafiki zake, ila akiomba mwenyewe kuondoka. Nne, mlezi wa bweni na mwalimu wa kike anayesimamia wasichana wapewe ruhusa ya maandishi ya kwenda polisi bila kungoja idhini ya mkuu, na mkuu anayewazuia ashitakiwe kwa kuzuia haki. Tano, shule isipimwe tena kwa matokeo ya mtihani peke yake. Mkaguzi anapofika aulize pia ni malalamiko mangapi yaliyopokelewa na yamefikia wapi, na shule inayoleta kitabu kitupu mwaka hadi mwaka isipongezwe, bali ichunguzwe.

Wala hatutaki kuyasema haya kwa wengine huku tukijisahau. Ndani ya makambi yetu mna shule ambamo husoma watoto wa askari. Mle pia mna milango yenye funguo, mna watu wenye vyeo, na mna desturi ya kumheshimu mkubwa hata asipostahili. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunawaomba makamanda wetu waanze ukaguzi huo nyumbani, na sisi wa ofisi ya uhusiano na umma tunaahidi kwamba jambo likigunduliwa hatutalifunika kwa taarifa tamu.

Kwa Walioyapata

Neno letu la mwisho ni kwa wale walioyapata haya, ama juzi, ama miaka 30 iliyopita. Wako miongoni mwa wasomaji wetu. Wengine ni akina mama wenye wajukuu, wengine ni wanaume wenye vyeo, na bado kuna harufu fulani au sauti ya viatu koridoni inayowarudisha pale walipokuwa watoto. Kwenu twasema: hamkufanya kosa. Kama hamkupiga kelele, hamkukosa, maana mwili ulioshikwa na hofu huganda, na kuganda si kukubali. Kama hamkusema wakati ule, hamkukosa. Na kama mlisema na hamkusikilizwa, aibu ni ya masikio yale.

Aliye mtoto leo na hana wa kumwambia, ajue kwamba namba ya simu 116 hupigwa bila malipo hapa Uganda, na namba hiyohiyo hutumika Kenya na Tanzania kwa ajili ya watoto. Asiyejibiwa na mtu wa kwanza amwendee wa pili, na wa tatu. Wapo watu wazima wenye kusikiliza, ingawa hatujawa wengi kama inavyopasa.

Sasa turudi kwenye swali tuliloahidi kulijibu. Binti yetu, ulihamishwa wewe kwa sababu kukuhamisha wewe kulikuwa rahisi. Wewe ulikuwa na sanduku moja na godoro. Yule mwalimu alikuwa na chama, na mshahara, na rafiki katika halmashauri. Wakubwa waliohusika walipima uzito, wakabeba kilicho chepesi, kisha wakaita kazi hiyo kulinda jina la shule. Lakini jina la shule ni wewe, na kila mtoto aliyelala katika bweni lile usiku ule. Tunatumaini kwamba walimu wakuu watakaousoma ukurasa huu, siku watakapogongewa mlango asubuhi na mlezi wa bweni, watalikumbuka swali lako kabla hawajaagiza chai.